Babu Yako Alipokuwa Kaka Yangu

Ninaukumbuka ule msimu wa kahawa, mwanangu Lusekelo, kwa sababu ndio msimu ambao mwanaume niliyemtaka alikaa kwenye mkeka wa baba yangu akanipangia mahari niolewe na mwingine. Mwanaume huyo ndiye babu yako. Usicheke kwanza. Pa kuchekea nimekuwekea mbele.

Simu nimeishika mwenyewe. Binti wa jirani kaniwekea kidole pale pa kurekodi sauti, kasema nisikiachie. Kwa hiyo nikinyamaza ujue kidole kimechoka, sijafa.

Yule dalali wako wa vibali alifika jana hapa Tunduma. Kaja na koti, na jua lote hili. Kakaa kwenye kiti changu kizuri, akaanza na ile sauti yake iliyopakwa mafuta: "Shikamoo Bibi. Bibi yangu, mbona unang'aa hivyo? Sasa Bibi, hii ishu ni simpo kabisa." Mtu akiniambia nang'aa huku anaangalia pengo langu, najua kuna kitu anakitaka. Akanieleza yale yale uliyonieleza wewe. Kwamba huko kwenye baridi umemaliza chuo, serikali yao imekupa muda wa kutafuta kazi, na muda unakaribia kwisha. Kwamba vibali vya kazi wanavitoa kwa idadi, kila nchi na idadi yake kwa mwaka, na ya Watanzania imejaa. Ya Wazambia bado ina nafasi. "Sasa Bibi, wewe si una ndugu hapo Nakonde, upande wa Zambia? Unakwenda nao ofisini, mnasema kijana alizaliwa ng'ambo. Anapata pasipoti ya Zambia, anaomba upya. Habari kwisha."

Nakonde ni hapo tu. Naenda kununua mkate, nikirudi chai haijapoa. Ndiyo maana sisi watu wa hapa tunaona kubadili nchi ni kama kuruka mtaro. Nikamwambia nitafikiri. Sasa nimefikiri, kaa chini.

Nilikuwa msichana, na mzuri, ukitaka mashahidi, waliobaki ni wachache. Kule Mbozi, upande wa Isansa, kulikuwa na shamba kubwa la kahawa. Wakati wa kuchuma watu walikuja kutoka kila upande. Sisi Wanamwanga tulipanda kutoka Momba, Wanyiha walikuwa kwao, Wandali walishuka kutoka milima ya Ileje. Mwaka uliotangulia watu walipigana, kila kabila likisema wenzao wamejaza shamba. Basi nyapara akakata shauri: kila kabila watu idadi sawa, basi. Alikuwa na sauti ya mbuzi mwenye mafua, huyo. "Wandaaali wamejaa. Mndali aliyebaki arudi kwao akalime."

Aliyebaki alikuwa mmoja. Kijana mrefu, miguu kama mipini ya jembe, blanketi begani. Katembea kutoka Itumba mpaka pale. Foleni yetu Wanamwanga ilikuwa fupi, maana wengi walikuwa hawajamaliza kuvuna ulezi. Akatusikia tukitaja majina. Simbeye. Simbeye. Nambeye. Kwetu mwanaume wa ukoo ule ni Simbeye na mwanamke ni Nambeye, ukisikia tu unajua hao ni ndugu. Yeye hakusikia ndugu, alisikia kazi. Akaja kusimama nyuma yangu.

"Jina?"

"Simbeye."

"Mbona unaongea kama Mndali?"

"Nimekulia kwa wajomba, Itumba." Kasema huku anatazama juu, kama anamwomba mama yake msamaha.

Akapata kazi. Tulipoingia kwenye mibuni akaninong'oneza, "Dada, mimi si ndugu yako."

Nikamwambia, "Nimeshaona. Na usiniite dada."

Lakini baba yangu naye alikuwa pale shambani, na alikuwa hajaona. Akafurahi kupita kiasi. Baba alikuwa na sauti ya ngoma, akacheka kambi nzima ikageuka: "Kumbe tuna mtoto kwa Wandali, na hatukuambiwa!" Akachinja jogoo. Babu yako akala paja la undugu, akalamba na vidole.

Nisikufiche, mwanzoni undugu ulikuwa mtamu. Nikienda kisimani, baba anasema, "Simbeye, msindikize dada yako." Kikapu changu kikawa kinajaa kabla sijachoka. Hakuna mvulana mwingine pale aliyeruhusiwa hata kunisalimia bila kukohoa kwanza. Tukaona tumepata njia nzuri sana ya kuwadanganya wazee.

Ndipo akaja mwenye baiskeli.

Mtu wa duka, kutoka hapa Tunduma. Baiskeli ina kengele, ina taa, kiti chake kimevikwa manyoya. Kaja na mshenga wake, wanataka kuniposa. Baba akatandika mkeka, akaita, "Simbeye, mwanangu, njoo ukae hapa. Dada yako anaposwa. Kaka asipokuwepo watasema hana watu."

Mwanangu, ningekuwa na simu siku ile ningempiga picha babu yako uso wake.

Akakaa. Mimi nahudumia togwa kwa kibuyu. Baba akasema tunataka ng'ombe watano. Babu yako akakohoa. "Hapana, baba. Dada yangu huyu? Kumi."

Mshenga akatazamana na mwenye baiskeli. "Kumi tunao."

"Nilisema kumi? Kumi na tano."

Mwenye baiskeli alikuwa na sauti laini, kama anaongea na mtoto aliyelala. "Kumi na tano tutajikaza."

Jasho likaanza kumtoka babu yako, na baridi ya Mbozi unaijua. Baba yangu anamtazama kwa fahari, anafikiri amepata mtoto mwenye akili za biashara. "Ishirini," babu yako akasema. Yule bwana akafumba macho, akaitikia kwa kichwa. Ishirini, Lusekelo. Nikaona naolewa hivi hivi, nimeshika kibuyu.

"Na baiskeli," babu yako akasema.

Mwenye baiskeli akageuka kuitazama pale ilipoegeshwa. Akainuka, akaishika usukani, akaisukuma akaondoka nayo, hata togwa hakumaliza. Ng'ombe aliwakubali. Baiskeli ilimshinda.

Pa kuchekea ni hapo. Sasa nyamaza.

Alikuwepo shangazi yangu, dada yake baba, mwanamke mfupi ambaye akisema watu huvua kofia. Mkekani alimtazama babu yako tangu kumi mpaka baiskeli. Wageni walipoondoka akamwita babu yako nyuma ya vichanja vya kahawa, nami nikafuata.

"Wewe," akamwambia. "Nimewaona makaka wengi wakipanga mahari. Wote hutaka ng'ombe. Wewe ulitaka wageni waondoke. Wa wapi wewe?"

Akasema kweli yote, mpaka jina la kijiji. Shangazi akamsikiliza, kisha akamwambia polepole, nami mpaka leo naweza kukutolea sauti yake: "Uliliona jina ukadhani ni tupu. Hilo jina lina watu ndani. Lina baba, ndiye huyo aliyekuchinjia. Lina mimi. Lina dada, na kwetu dada haolewi na kaka yake. Leo umefukuza baiskeli, kesho atakuja mwenye gari, utadai nini? Treni? Ukibaki Simbeye utachuma kahawa mpaka uzeeke, na huyu utamwita dada mpaka mmoja wenu azikwe. Kazi umepata. Sasa kamwambie kaka yangu wewe ni nani, halafu kamwambie nyapara. Kwangu usirudi, mimi nimeshajua."

Akaenda. Baba alichukua fimbo, akairudisha chini, akauliza swali moja tu: "Na jogoo wangu?" Nyapara naye akamtoa kwa wachumaji, watu wote wakisikia: "Simbeye wa uooongo, toka." Akasimama pale na blanketi lake, kama siku ya kwanza. Kisha nyapara akamwambia kuna kazi ya kuosha kahawa. Huko hawakuhesabu kabila, kwa sababu hakuna kabila lililokuwa linaitaka. Unasimama kwenye mfereji wa maji asubuhi na mapema, wakati wa baridi kali, miguu inajikunja kama maharage yaliyolowekwa.

Babu yako akaingia majini kwa jina lake.

Msimu uliofuata akaja kwetu na wajomba zake kutoka Itumba. "Mimi ni Kibona," akasema, "Mndali." Baba akamkaribisha vizuri, akamkalisha mkeka ule ule. "Karibu, Kibona. Mahari ya binti huyu haina mjadala, ilishapangwa. Aliipanga kaka yake."

Ng'ombe ishirini, mwanangu. Na baiskeli. Alilipa mpaka baba yako anaanza shule. Na ile baiskeli, baba yangu hakuweza kuiendesha hata siku moja, alikuwa anaisukuma kwenda nayo kanisani.

Sasa turudi kwako. Mimi sikusoma, lakini masikio ninayo. Ulinieleza kuna mji mdogo huko huko, nguzo za umeme zinaangushwa na theluji, wanatafuta fundi kama wewe, na kibali cha huko hakiingii kwenye ile idadi kwa kuwa hakuna anayetaka kwenda. Ukanikunjia pua: "Bibi, kule basi linapita mara moja tu kwa siku." Lusekelo, huo ndio mfereji wa babu yako. Vaa soksi uingie. Na mkubaliane na hao wenye kazi kabla muda wako haujaisha, usiende ofisi ya vibali ukiwa umeshachelewa, unaanza kujitetea. Wakikataa, uliza kama unaweza kuongeza masomo. Hilo nalo likishindikana, rudi nyumbani uombe ukiwa hapa. Kurudi kwa bibi yako si kufukuzwa.

Lakini huo Uzambia wa karatasi uache. Ndugu zangu wa Nakonde ni watu wazuri, nawapenda, ila wana watoto wao, na nafasi unayoitaka ni ya mtoto wao mmoja. Chuo kinakujua Mtanzania, walimu wanakujua, rafiki zako wanakujua. Utaishi unatoka jasho kwenye baridi. Na siku ukiugua huko, Mungu apishe mbali, wataulizwa watu wako ni akina nani, nami nitakuwa nimekaa hapa na simu yangu, si mtu wako.

Dalali anarudi jioni kuchukua jibu. Nitampa chai, nitamsikia akiniambia nang'aa, kisha nitamwambia mjukuu wangu namtoa, ila kwa mahari ya ukoo: ng'ombe ishirini. Na koti lake.

Mungu akutangulie, Lusekelo Kibona. Akupe kazi itakayokuita kwa jina hilo, akupashe miguu moto, akurudishe unikute na haya meno yaliyobaki. Na atakayekupenda huko asije akaambiwa wewe ni kaka yake.

Haya, naachia kidole.