Vidonge vya Zawadi kwenye Pindo la Khanga

Mwishoni mwa miaka ya sabini nilikuwa nagawa dawa kwenye dirisha la hospitali moja mjini Mbeya. Haikuwa kazi nzito kama kulima, lakini ilichosha kwa namna yake: kusimama tangu asubuhi, kukunja vipakiti vya karatasi, na kurudia maneno yale yale kwa kila mtu. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, usichanganye na za jirani. Nilipofika nyumbani, mtaa wa Soweto, sauti ilikuwa imekwisha, na wanangu wakiniuliza jambo niliwajibu kwa kichwa.

Mama yangu aliishi Igowole, huko Mufindi. Moyo ulipoanza kumwenda mbio, nilimleta kwa daktari wetu, mgeni aliyekuja na dawa kadhaa ambazo hatukuwa tumezizoea. Alimpa vidonge vya aina mpya vya kutuliza mapigo, na kweli yakatulia. Mama akarudi kwake kupalilia maharage.

Miezi michache baadaye alishuka kwenye basi akiwa amenyong'onyea. Moyo ulikuwa unakimbia tena. Alikuwa na kiu isiyokatika, choo kilikuwa kigumu kupata, na alisinzia katikati ya maneno. Daktari alimuuliza kama anameza dawa zake. Anameza. Anatumia dawa nyingine? Hapana. Basi daktari akasema pengine kipimo kimekuwa kidogo, kesho yake atamwongezea.

Sikulipenda jambo hilo. Dawa ile ikizidi, moyo unaweza kupiga polepole mno na presha ikashuka mpaka mtu akaanguka. Lakini foleni ilikuwa imefika nje kwenye nyasi, miguu ilikuwa imenivimba, na sikumuuliza mama swali hata moja. Mimi niliyekuwa nawaeleza watu kutwa nzima, wangu mwenyewe nilimwachia daktari.

Jioni ile, nikisonga ugali, mama alifungua mapindo ya khanga yake kutafuta ugoro. Pindo moja lilikuwa na vidonge vya moyo, vimefungwa fundo moja kama nilivyomfundisha ili avitambue, maana hakujua kusoma. Pindo la pili lilikuwa limetuna. Ndani yake kulikuwa na vidonge vyeupe, vikubwa, vingi.

Nikamuuliza ni dawa gani zile.

"Si dawa hizo. Nimepewa."

"Umepewa na nani, mama?"

"Na wale wanawake wadogo wa kule nyumbani. Wanapewa kliniki wakiwa wajawazito. Wanasema vinawakwama kooni kama chaki. Sasa wanajua magoti yangu yanauma, basi wananiletea."

Nilivitambua. Vilikuwa vya kalsiamu, vya kuimarisha mifupa, vimechanganywa na vitamini inayousaidia mwili kuifyonza kalsiamu hiyo. Kwetu mwanamke mdogo haendi kwa mtu mzima mikono mitupu. Mwenye maharage hubeba maharage, na asiye nayo sasa alikuwa amepata kitu cha kubeba.

Nikamuuliza anameza vingapi kwa siku. Akafikiri.

"Nakula tu. Kama karanga, nikisubiri maji yachemke."

"Na daktari alipokuuliza dawa nyingine?"

"Sasa wewe, mwanangu. Dawa unaandikiwa. Hivi nimeletewa na watu wanaonipenda."

Niliepua chungu nikakaa kwenye kigoda. Nilikuwa nimechoka, lakini hili lilikuwa halina wa kumwachia. Nikamweleza kwa vinyungu vyake, zile bustani za bondeni anazozimwagilia kwa mfereji. Moyo, nilimwambia, ni msuli, na kalsiamu ni kama maji yanayoingia tutani ili upate nguvu ya kujikaza. Yakiingia mengi, unakwenda mbio. Dawa yako ni lile bonge la udongo unalozibia mdomo wa mfereji, yapite kidogo. Sasa wewe unaziba huku chini, halafu kila mtu huko juu anakufungulia maji.

Akaligusa pindo la vidonge vya moyo. "Kumbe bonge langu halina kosa."

"Halina. Tusiliongeze."

Asubuhi nilimpelekea daktari lile pindo kabla hajaandika chochote. Hakumwongezea dawa ya moyo. Alimlaza, akamsimamishia vidonge vyeupe, akamwekea dripu, nasi tukasubiri. Kiu ilikwisha kwanza, halafu usingizi ule mzito ukamwacha. Mapigo yalichukua siku kadhaa, kisha yakatulia kwa kipimo kile kile cha zamani.

Vidonge vile havikuwa vibaya. Wale wajawazito walivihitaji, na wapo wagonjwa wa moyo wanaovimeza kwa kipimo anachokijua daktari wao. Ubaya ulikuwa kwamba hakuna aliyejua.

Siku ya kuondoka, mama alikuwa na wasiwasi mwingine. Akikataa zawadi, watasema ana maringo kwa sababu binti yake anafanya kazi hospitali. Nilimsindikiza tu hadi kwenye basi.

Alipokuja tena kupimwa, moyo ulikuwa umetulia. Nilifungua pindo la pili mwenyewe. Lilikuwa na ugoro tu. Nikamuuliza zawadi amezikataaje.

"Sijazikataa. Akija mmoja wao, napokea, namshukuru. Halafu namtolea kimoja, namwekea na kikombe cha togwa, namwambia: meza hapa nikuone, vingine nenda navyo, kesho uje tena. Wananiona nasumbua."

Nilirudi dirishani mchana ule, foleni iko pale pale. Swali langu nililibadilisha siku zile, na sikulirudisha tena lilivyokuwa. Baada ya kumuuliza mtu anatumia dawa gani nyingine, na akasema hakuna, nilimuuliza pia: na cha kupewa je? Swali hilo lilirefusha foleni, na watu wa nyuma walinung'unika. Lakini wengi walifungua pindo.