Msalaba Uliotoboa Kitambaa

Crescencia Lagunes aliingia kwenye ujenzi akiwa na sufuria la tamale, mikate ya mahindi iliyofungwa majani, kichwani. Aliwauzia mafundi wa mji wetu wa Alvarado kifungua kinywa, na kwa kuwa macho hayana pazia, akawa anatazama. Siku moja akamwambia fundi mmoja kwamba ukuta wake umelala. Fundi akacheka, akashusha timazi, akaacha kucheka. Wiki iliyofuata mama alikuwa anachanganya saruji. Miaka ikaenda, na alipofikisha hamsini na mbili ndipo alipopewa nyumba nzima aisimamie, tangu msingi hadi paa. Ingesimama, angekuwa fundi mkuu kwa haki. Ingepasuka, angerudi kwenye tamale, na mji mzima ungemsindikiza kwa kicheko.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya don Fidencio Uscanga, mstaafu wa kiwanda cha barafu. Mchanga wetu wa pwani ni laini, hauna msimamo kuliko mgombea udiwani. Nyumba yake ya kwanza ilipasuka katikati. Ya pili ilizama upande mmoja, hata ukiweka chungwa mezani linajiondokea lenyewe. Crescencia alipata kazi kwa sababu mafundi wengine wote walishamwahidi mzee na kumwangusha.

Akaagiza marobota ya kitambaa cheusi cha nyuzi za plastiki, kigumu kama gunia la sukari ila hakiozi. Mpango wake ulikuwa kuuchimbua mchanga, kutandaza kitambaa, kurudisha mchanga na kuushindilia, kisha kitambaa tena, mara tatu, na juu yake msingi.

"Doña Chencha," akasema Eligio, fundi mkongwe aliyekuwa chini ya Crescencia, ambaye wote tulimwita Chencha, "tangu lini mchanga ukatandikiwa shuka? Tuuletee na mto kabisa?"

"Lete, ulale wewe. Ndiyo kazi unayoiweza."

Sisi watu wa Alvarado midomo yetu haina kufuli, kwa hiyo hilo lilikuwa salamu tu. Lakini Crescencia hakuishia kwenye maneno. Akafanya vichuguu viwili vya mchanga, kimoja mtupu, kingine chenye vipande vya kitambaa kila kimo cha vidole vitatu. Juu ya kila kimoja akaweka tofali, akamwita Pánfilo, mnene kuliko wote. Pánfilo alipokanyaga tofali la kwanza mchanga ulitawanyika, naye akaketi chini bila kupenda. La pili lilishuka kidogo tu, likagoma. Akacheza hatua mbili juu yake.

"Mchanga hauna mikono," akasema Crescencia. "Ukiukandamiza unakimbilia pembeni. Kitambaa ndicho kinachoushika kiuno."

"Mimi changu kina miaka hakijashikwa," akalalamika Pánfilo.

Kufikia tarehe mbili Mei, tabaka zote tatu zilikuwa tayari. Zege lilikuwa lije asubuhi ya tarehe nne, kwa sababu tarehe tatu ni Siku ya Msalaba Mtakatifu, sikukuu yetu sisi waashi. Siku hiyo kila jengo husimikwa msalaba wa maua ya karatasi, mwenye nyumba huwalisha mafundi, na fundi hagusi koleo hata kwa kidole. Anayefanya kazi siku hiyo amejiitia ukuta umwangukie.

Eligio amesimika misalaba arobaini maishani mwake. Alfajiri akarusha fataki zake, akachonga ncha ya mti wa msalaba, akaupigilia kwa nyundo kubwa pale pale unaposimama siku zote, kwenye kona inayotazama barabara.

Crescencia alifika na ua nyweleni. Akasimama.

"Eligio, umeupitisha wapi huo?"

"Chini, mama. Msalaba haus..." Hakumaliza. Uso wake ukawa wa rangi ya saruji. Mti ulikuwa umetoboa tabaka zote tatu, tena chini ya kona ambapo kuta mbili kubwa zingekutana.

"Tufukie tu," akanong'ona. "Kesho tunang'oa, tunajaza mchanga. Nani ataona? Ukisema leo mbele ya watu mzee atakufukuza, na mimi nyuma yako."

Hakukosea. Wageni walishaanza kumiminika na masufuria yao, na wapiga jarana, magitaa yetu madogo, walikuwa wakikaza nyuzi. Niseme ukweli: Crescencia alichota mchanga kiganjani kama anayetaka kufukia, akautazama. Kisha akaumwaga, akamfuata don Fidencio.

"Don Fidencio, tua hilo sufuria uje uone. Kitambaa chako kimetoboka, kwenye kona kubwa. Kosa ni langu. Nilipaswa niwe hapa alfajiri niwaonyeshe pa kusimika. Lazima kona ichimbuliwe, kila tabaka itiwe kiraka kipana. Tena leo, kesho zege linakuja."

Mzee akainama, akachungulia pale mti ulipozama. "Basi chimbueni."

Mafundi wakatazamana. "Leo hatushiki koleo, don," akasema Pánfilo. "Hata ututolee bunduki."

Don Fidencio akavua shati lake jeupe la sikukuu. "Nipeni mimi."

Akafuatwa na shemeji yake mfamasia, na binti zake wawili waliofunga magauni kiunoni. Mafundi wakaketi kwenye viti na bia baridi, mabwana wakubwa.

"We mfamasia! Hicho si kijiko cha dawa ya kikohozi, jaza koleo!" wakamtania.

Na kwa kuwa msalaba haulazwi chini siku yake, Eligio aliukumbatia wima saa mbili nzima, maua ya karatasi yakimwingia puani. Hakuna aliyejitolea kumpokea.

Crescencia alisimamia bila kugusa kitu. "Kiraka kipite tundu hatua nzima kila upande. Vuta, don Fidencio. Una mkunjo hapo. Fumua, anza upya."

Mzee akafumua, akaanza upya. Kila tabaka ya mchanga ilipomwagiwa maji, wapiga jarana walicharaza, na wageni wote wakacheza juu yake kwa visigino, kisha don Fidencio akamalizia kwa kishindilio, jasho likimtiririka. Sijawahi kuona mchanga ukishindiliwa kwa furaha namna ile. Mwishowe msalaba ukasimikwa kwenye ndoo ya mawe, na Eligio akanyoosha mgongo kwa yowe.

Wali wa kamba na kaa ulikuwa umeshavimba, lakini nani alijali. Kwa desturi mwenye nyumba huwapakulia mafundi kwa mkono wake, na sahani ya kwanza ni ya fundi mkuu. Don Fidencio, mchanga hadi masikioni, akampita Eligio aliyekwisha kunyoosha mkono, akaiweka sahani ya kwanza mbele ya Crescencia.

"Nimejengewa nyumba mbili," akasema, "na hakuna fundi aliyewahi kuniita nione tundu."

"Na mimi je?" akauliza Eligio. "Tundu lenyewe si nimelitoboa mimi?"

Watu wakaangua kicheko. Crescencia akala wali wake huku analia na kucheka, mpaka sahani ikaisha, akaomba nyingine.