Kidole cha Butoyi

Bukuru na Butoyi walizaliwa siku moja, na kwa desturi ya Burundi majina yao ya mapacha yalikuwa yakiwangoja. Walifanana hata mama yao alikuwa akimchapa mmoja kwa kosa la mwenzake. Ukimbizini, katika kambi ya Dzaleka nchini Malawi, nyumba zao zilipakana. Bukuru, mwenye mke na watoto wanne, alipata kibali cha kutoka, akawa anakwenda Lilongwe kufyeka majani ndani ya kambi moja ya jeshi.

Huko ndiko raga ilikomkuta. Klabu ya askari ilikuwa na umri wa miezi miwili tu: mpira mmoja, milingoti ya mikaratusi, kiwanja cha mawe, na wachezaji kumi na wanne badala ya kumi na watano. Sajini Nkhoma, aliyejifunza Kiswahili alipokwenda kulinda amani Kongo, alimpima Bukuru kwa macho.

"We ndugu, weka chini fyekeo. Mungu hakukupa mgongo huo kwa ajili ya majani."

Mara ya kwanza askari watatu walipomwangukia, Bukuru alijikunja akaficha kichwa, kama alivyofanya utotoni viatu vya jeshi vilipoingia kwao. Wengine wakacheka. Sajini alimpa mkono.

"Hapa tukikuangusha, tunakuinua."

Basi akarudi kesho yake, na kesho kutwa. Ndipo Sajini akamwambia, "Jumanne ni mechi yetu ya kwanza. Mkubwa wa jikoni hapa kambini atakuwepo. Cheza vizuri, nitakuombea kwake kazi ya kudumu."

Kumbe Jumanne hiyohiyo ilikuwa siku ya kuhesabiwa Dzaleka. Asiyeweka kidole kwenye mashine, nyumba yake hukatiwa chakula.

"Mi nitaenda pahali pako," Butoyi akasema. "Asubuhi naweka kidole changu, nabadilisha shati, mchana naweka chako."

Epiphanie, mke wa Bukuru, akasita. "Na mashine je?"

"Mama alishindwa kututenganisha, mashine njo itaweza? Tulilala tumbo moja, shemeji. Kidole ni kimoja."

Wakacheka, na Bukuru akaenda mechini.

Alicheza mpaka mdomo ukapasuka. Walishinda, na mkubwa wa jikoni akamwambia aje Jumatatu na kadi yake ya ukimbizi. Njia nzima ya kurudi alikuwa akimshukuru Mungu kimoyomoyo.

Alimkuta Epiphanie ameketi mlangoni, mikono mapajani. Butoyi alikuwa kando yake, hainui uso.

"Mashine ilisema jina langu," akanong'ona. "Mara ya pili, kwa kadi yako, ikasema langu tena. Bamefunga kadi zetu zote mbili, na chakula, mpaka bamalize uchunguzi. Banatuita bezi wa chakula, kaka."

Jumatatu Bukuru alikwenda hivyohivyo kwenye kambi ya jeshi, akiwaza pengine huko hawajui. Mlinzi wa geti alipiga simu Dzaleka, akamrudishia kadi.

"Hii imefungwa. Hupiti."

Sajini alitoka, akamsemea, akabembeleza, kisha akatazama chini.

"Amri ni amri, ndugu yangu. Nafasi yako uwanjani nitaiweka. Ya jikoni siwezi."

Butoyi alikuwa akimngoja barabarani. "Nipige," akasema.

"Nikupige, unga utapatikana?"

Jioni Epiphanie alisonga nsima ya unga uliobaki, akawaita watoto wa nyumba zote mbili. Wanaume hawakuitwa, nao hawakuuliza.