Nchi Ambayo Mawakili Wote Wanajuana

Sitaitaja nchi yenyewe. Ipo Ulaya, wanaongea Kifaransa, na ni ndogo kiasi kwamba nikiitaja nitakuwa nimewataja watu. Sijawahi kufika huko. Lakini ndiyo iliyomkata rafiki yangu mguu, ingawa mabaharia wote wa Durban walidhani ni meli.

Rafiki yangu alikuwa mtu wa Tanga kama mimi. Mwaka 1998 aliteleza akaangukia ndani ya shimo la mizigo la meli aliyokuwa akifanyia kazi, goti likasagika, meli ikamshusha Durban ikaenda zake. Hospitali ilimfunga, mfupa ukaunga upande, halafu ukaanza kutunga usaha. Daktari alisema upasuaji mwingine ungeuokoa mguu, ila usichelewe, na gharama ni ya wenye meli. Wenye meli walikaa kimya. Wakili mmoja wa Westville, kando ya Durban, aliusoma mkataba wake bila kutudai kitu, akatuambia kesi lazima ifunguliwe kule kampuni ilikoandikishwa. Akatutakia heri.

Mimi niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo kila nisichokijua kinaniwasha. Nikawa naulizia nchi hiyo kila nilikopita, mpaka nikaelekezwa kwenye kibanda cha simu karibu na soko la Warwick. Muuzaji wake alikuwa Mkongo wa Bukavu, mtu wa tai hata siku za joto. Alisomea sheria Ubelgiji, akafanya uwakili miaka mingi katika ile nchi niliyokuwa nikiiulizia, kisha akarudi kwao na vita vikamfukuza. Wakongo wenzake walimwita Maître, jinsi wenye Kifaransa wanavyomwita wakili. Wengine walimwita hivyo kwa heshima, wengine wakimcheka.

Nilikaa naye siku nyingi nikimdadisi. Alinieleza kwamba mahakama ya kule ni jengo moja, na asubuhi unabishana na mtu ambaye mchana mtakula meza moja, maana hoteli zenyewe ni chache. Huwezi kumwita shahidi mwongo, kwa sababu ndiye mwalimu wa mtoto wako. Nilivutiwa. Nilifikiri watu wanaooneana haya namna hiyo hawawezi kumdhulumu mtu.

Tatizo, alisema, ni sheria moja: wakili aliyewahi kuifanyia kampuni kazi hawezi tena kuishtaki. Kampuni kubwa zinalijua hilo. Humpa kila wakili kajikazi, leo huyu kesho yule, mpaka nchi nzima hapabaki wa kuzishtaki. Lakini alimjua mzee mmoja, bosi wake wa zamani, ambaye hajawahi kushika kazi ya kampuni yoyote.

"Huyo iko safi," alisema. "Safi kabisa."

Nikamwambia tumpigie hapohapo. Akasema bado, mambo ya kule yana utaratibu wake.

Basi Jumapili baada ya Jumapili akawapigia mawakili wengine wa kule. Rafiki yangu alikaa juu ya kreti, mguu ameunyoosha mbele. Kifaransa hatukukijua, ila kicheko tulikielewa. Maître aliiweka sawa tai yake kabla ya kuinua simu, akauliza habari za wake na watoto, akacheka tena. Mwisho kabisa tulisikia jina la rafiki yangu, la meli na la kampuni. Akikata simu alitutazama na kusema, "Huyu naye wamemfunga kwa kajikazi." Rafiki yangu aliushika mguu kwa mikono miwili na kuugeuza upande mwingine.

Alipompigia mzee hatimaye, hakucheka. Mazungumzo yalikuwa mafupi. Wiki ileile kampuni ilikuwa imempelekea mzee kazi, mkataba wa kukodisha ghala, naye hakuona ubaya wa kuupokea.

Nikamuuliza kampuni imejuaje kwamba tunatafuta wakili.

"Kule ukimuuliza mtu asubuhi, jioni hata muuza mkate anajua."

"Na wewe ulilijua hilo?"

"Nilijua."

Mama mmoja alikuja kununua dakika, akamhudumia, akamrudishia chenji. Nilingoja. Kisha nikamuuliza kwa nini hakuanza na mzee. Akajibu akiitazama simu. Walipoagana miaka ile, alipokuwa akirudi kwao, mzee alimwambia kwamba hatadumu katika sheria.

"Nilitaka asikie kwanza kwa wengine. Asikie niko na kesi, ningali avocat, wakili kweli. Ndipo mimi nimpigie."

Nilisimama. Nadhani ningempiga, ila rafiki yangu alikuwa anacheka pale juu ya kreti, cheko la chinichini.

"Kwa hiyo nchi nzima inaujua mguu wangu," alisema. "Na ni watu wabaya hao, Maître?"

"Hapana, ndugu yangu. Ni watu wazuri."

Naamini alisema kweli, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Ningeweza kuwachukia wezi.

Mguu ulikatwa juu ya goti. Kabla hawajamwingiza chumba cha upasuaji, rafiki yangu aliniagiza nimshukuru Maître, kwa sababu, alisema, angalau mtu mmoja alilitaja jina lake Ulaya. Nilitoka hospitali nikapita barabara nyingine, mbali na kibanda, nikapanda teksi ya Pinetown kutafuta kibarua kiwandani. Shukrani zile sikuzifikisha, na hata leo sioni kwa nini ningezifikisha.