Tangawizi kwa Hettige, Mihogo kwa Mudalihami

"Tangazo! Tangazo kwa mahujaji waheshimiwa mnaoelekea mlima mtukufu wa Mihintale! Mbele yenu, mkishaupita mkwaju, mtamkuta Mzee Mudalihami na sufuria lake la mihogo. Ni mzee mwema, hana ubaya na mtu. Lakini kwa kuwa nyote mmekwisha kunywa chai yetu ya tangawizi, na kwa kuwa tangawizi na mihogo vikikutana tumboni vinaua, tunawaomba mpungie mkono tu, mpite. Kufa siku ya Poson, sikukuu yetu ya mwezi mpevu, kuna thawabu nyingi, ila mtatuzibia barabara."

Aliyekuwa akitangaza ni Hettige, mwenye duka la mabati. Alikuwa na spika nne, jenereta, na picha ya Budha iliyozungushiwa taa zinazokimbizana kama za harusini. Mahujaji waliotoka kuzuru makuba meupe na magofu ya Anuradhapura walisimamishwa kwake kwanza, wakanyweshwa chai ya bure, ndipo wakaachiwa waendelee na safari.

Mzee Mudalihami alilisikia tangazo hilo tangu asubuhi, akakaa nyuma ya meza yake na bendera yake ya kusimamishia mabasi. Hakuna aliyewahi kumwona mtu aliyekufa kwa mihogo na tangawizi, lakini kila mtu ana jirani ambaye shangazi yake alimwona. Mudalihami mwenyewe aliamini. Kwa hiyo hakuweza hata kukasirika vizuri.

"Babu, tumeshakunywa tangawizi!" walipiga kelele mahujaji waliovaa nguo nyeupe, basi likipita. "Tutakula mwakani!"

Mwakani. Walilisema kwa wepisi, kama watu wenye miaka ya akiba.

Mihogo ile ilikuwa ya Ranmenika, mkewe, aliyefariki wakati wa mvua. Kila Poson walikuwa wakiipika pamoja na kuwagawia mahujaji bure, na hii ilikuwa Poson ya kwanza bila yeye. Mudalihami alitaka thawabu za sufuria hili zimfikie marehemu huko aliko. Lakini thawabu hazitoki kwenye chakula kilichopikwa, hutoka kwenye chakula kilicholiwa. Na mihogo iliyochemshwa haingoji kesho, inachacha. Jua lilikuwa limeshavuka utosi, na sufuria lilikuwa limejaa pomoni.

Enzi za Ranmenika, hakuna basi lililopita. Yule mama alikuwa akisimama katikati ya lami na bendera, madereva wenye masharubu wakifunga breki kama wamemwona mama mkwe. Mudalihami alikuwa nyuma akipuliza moto. Katika ndoa yao nzima, neno lake kubwa barabarani lilikuwa "tayari." Mengine yote alisema mke.

Akaamua kwenda kwa Hettige.

"Hettige, mwanangu, si ungewapa chai ya kawaida tu? Iliyobaki hiyo, usitie tangawizi."

"Mjomba, nimenunua gunia zima! Niipeleke wapi? Badilisha wewe. Gawa aiskrimu. Watu wa siku hizi wanataka thawabu za baridi." Vijana wake wakacheka.

"Marehemu alipenda mihogo."

"Marehemu alikuwa anakamata watu, mjomba! Mimi mwenyewe mwaka juzi alinishika shati nikala sahani mbili. Wewe unapunga bendera kama unafukuza nzi."

Mudalihami aliitazama bendera mkononi mwake. Kwa kweli, nzi walikuwa wengi. Akarudi.

Akakaa. Akafunua sufuria, akalifunika. Upande wa pili wa barabara lilipita basi linalotoka mashariki, pande za Trinko, likielekea mjini. Watu wake walikuwa wametoa vichwa madirishani wakitazama huku na huku kwa uso ambao mpishi yeyote anaujua. Mudalihami akalifuata kwa macho mpaka likafika kwa Hettige. Halikusimama, maana Hettige alikuwa upande wa huku. Ndipo akili ikamjia, taratibu, kama mgeni asiye na uhakika na nyumba. Wale hawajapita kwa Hettige. Wale tumbo lao halina tangawizi.

Meza aliweza kuivusha hadi ng'ambo ya barabara. Tatizo lilikuwa sufuria. Lilikuwa na mikono miwili, mmoja upande wake, mwingine upande wa Ranmenika. Alishika wake, akavuta. Likazunguka tu pale pale. Akasimama kidogo, akiutazama ule mkono mwingine. Kisha akaleta ungo, akaanza kuvusha mihogo kidogo kidogo, magari yakimpigia honi.

Basi jingine likafunga breki mbele yake. Kiongozi wa msafara, mama mnene aitwaye Yasawathi, akachungulia.

"Babu, unahama?"

"Mmekunywa tangawizi?"

"Tangawizi! Hata maji hatujapata. Dereva wetu kapotea mara mbili na bado anasema njia anaijua."

"Naijua," alisema dereva. "Wameihamisha."

"Shukeni mle," alisema Mudalihami. Sauti ilimtoka kubwa, akaishangaa.

Walikula wamesimama, kwa nazi ya kukuna na pilipili, wakipuliza vidole. Mabasi ya nyuma, kwa kuona foleni, nayo yakasimama, maana hakuna mtu wa Sri Lanka anayepita foleni bila kuuliza inagawa nini. Yasawathi akaramba kidole gumba.

"Chumvi imekolea. Babu, thawabu hizi ni za nani?"

Tangu mvua zile, hakuwa amelitamka jina hilo kwa sauti. Nyumbani hakuwa na wa kumtamkia.

"Ranmenika," akasema.

"Za Ranmenika!" Yasawathi akawageukia watu wake, na midomo yote iliyojaa mihogo ikaitikia kama amina: "Saadhu! Saadhu! Saadhu!"

Walipoondoka, Hettige akajaribu kuwasimamisha upande ule wa kwenda mjini, birika mkononi. Wakampungia mkono, wakapita. Hawakutaka kufa.

Jua lilipoinama, ungo ulikuwa mweupe na sufuria tupu. Mudalihami akavuka, akainama, akapapasa chini ya jani la mgomba lililotandikwa ndani ya sufuria. Hapo ndipo Ranmenika alikuwa akimfichia kipande chake kila mwaka, maana mgawaji hula mwisho. Akapapasa mpaka pembeni. Hakuna aliyekuwa ameficha kitu.

Hettige, ambaye hakuwa mtu wa kinyongo muda mrefu, alimjia na kipaza sauti.

"Tangazo, enyi waheshimiwa! Mzee Mudalihami amemaliza sufuria zima! Thawabu zimepanda hadi mbinguni, marehemu anatabasamu! Mjomba, waambie mahujaji, saa hii tukufu moyo wako unasemaje?"

Spika nne zikangoja. Mudalihami akakisogelea kipaza sauti.

"Nina njaa," akasema.