Kazi ya Kuogesha Samaki

Bashiri wa Buhembe alikuwa na uchovu ule ambao usingizi hauutoi. Alilala nao, akaamka nao, akaswali alfajiri ukiwa umemkalia mabegani, kisha akashuka nao mpaka ziwani kama ilivyokuwa desturi yake.

Kazi yake ilikuwa kuwapeleka wageni wa hoteli kuvua sangara. Usifikiri ni uvuvi wa nyavu na taa kama wa wavuvi wanaotia nanga mwalo wa Nyamukazi. Hawa wageni huvua kwa fimbo na mshipi, mtu mmoja na samaki mmoja, wakavutana weee mpaka mmoja akubali yaishe. Samaki akishatolewa majini anapigwa picha, anasifiwa, halafu anarudishwa alikotoka. Ndiyo, anarudishwa. Watu wazima na akili zao hupanda ndege kuja Bukoba kumshika samaki na kumwachia.

Kila kitu katika mchezo huo kilikuwa cha Bashiri isipokuwa kuvuta. Yeye ndiye aliyejua miamba ya kisiwa cha Musira ambako sangara wakubwa hujibanza. Yeye ndiye aliyefunga ndoano, akaendesha boti, akamtia moyo mgeni aliyekuwa akitokwa jasho, akampa maji. Na mwisho wa yote ndiye aliyemrudisha samaki, na kumrudisha kulikuwa na kazi yake. Sangara akivutwa upesi kutoka kilindini, bondo lake, ule mfuko wa hewa ulio tumboni, huvimba. Ukimtupa majini hivyo hivyo anaelea ubavu, na furukombe, tai wa ziwani, hawachelewi. Kwa hiyo Bashiri alikuwa na jiwe lake, limefungwa kamba yenye kulabu butu. Alimshika samaki kwenye taya, akamsukuma mbele na nyuma majini mpaka apumue vizuri, kisha akamshusha taratibu na lile jiwe mpaka kule chini kwenye giza, bondo likanywea. Hapo akivuta kamba kwa ghafla, kulabu linachomoka, samaki anakwenda zake. Mgongo wa Bashiri ulikuwa umeharibika kwa kuinama huko.

Mama yake, Bi Maimuna, alikuwa na jina lake kwa kazi hiyo.

"Mwanangu huyu," aliwaambia majirani, "kazi yake ni kuogesha samaki."

Majirani walicheka. Bi Maimuna hakucheka. Mumewe, marehemu Muksini, alikuwa mvuvi, na katika nyumba za wavuvi alikokulia Bi Maimuna kulikuwa na utaratibu usiovunjwa: samaki wa kwanza ambaye mwanamume amemvuta kwa mikono yake mwenyewe, kichwa chake kinakwenda kwa mama. Mama anakula, halafu ndipo anamwambia mwanawe "wakola", neno wanaloambiana Wahaya mtu anapotoka kazini. Kabla ya hapo, mtoto hajafanya kazi, amecheza tu. Muksini alifariki Bashiri akiwa bado anabebwa mgongoni. Mjomba aliyemlea akampeleka kwenye malori ya kahawa, na malori yalipomchosha akapata boti ya hoteli. Mtumbwi wa baba hakuwahi kuukalia. Kichwa hakikuwahi kwenda kwa mama.

Na wakola haikuwahi kutoka. Bashiri alirudi nyumbani miaka yote hiyo mgongo umepinda, na mkewe Shamsia akamwambia "wakola", jirani akapaza sauti kutoka kwenye migomba, "wakola, Bashiri!", hata watoto wa njiani wakasema. Bi Maimuna alikuwa akiinua tu uso kutoka kwenye mkeka wake. "Umerudi? Umewaogesha?"

Inauma, tusidanganyane. Mtu mwenye wajukuu, ndevu zimejaa mvi, na bado anatamani neno moja kutoka kwa mama yake.

Mwaka huu Bi Maimuna alianza kukataa chakula. Hakuwa na ugonjwa wa kutajika. Zahanati walimpima wakasema ni uzee. Sahani ya ebitoke, ndizi za kupika, ilikwenda chumbani kwake na kurudi kama ilivyokwenda. Uji aliugusa kwa midomo tu. Mifupa ya mikono yake ilianza kuonekana chini ya ngozi.

"Baba Yasmin," Shamsia alimwambia asubuhi moja akimfungia chapati za njiani, "mama hali. Jana kaniambia atafumba macho hajala kichwa cha samaki wako. Mletee tu, baba. Yaishe."

Kusema ni rahisi. Kwanza alinunua sangara mwaloni, mzuri, mnene. Bi Maimuna, ambaye macho yake yalikwisha kuingia ukungu, aliingiza kidole kwenye shavu la samaki, akakitoa. "Huyu amelala kwenye barafu," akasema. "Kuleni nyie." Akageukia ukutani. Siku ya mapumziko Bashiri akaazima mtumbwi, akashinda ziwani mchana kutwa, akarudi na kichwa kinachomuuma kwa jua na furu wawili, visamaki vya ukubwa wa kidole. Hata yeye aliona aibu kuwaonyesha. Boti ilikuwa ya hoteli na fimbo zilikuwa za hoteli, na meneja alikwisha sema kwamba kila samaki anarudi majini na kiongozi wa wageni havui. Kuhusu kumwomba mgeni samaki wake, hilo Bashiri hakuliwaza. Aliona ni sawa na kumwomba mtu suruali aliyovaa.

Basi akaendelea kuogesha samaki, na mama yake akaendelea kupungua.

Alhamisi moja mgeni wake alikuwa Mzee Ildefons. Huyu hakuwa mgeni wa kuja na ndege. Alikuwa mzaliwa wa Kimwani, mhandisi wa madaraja aliyefanya kazi ughaibuni mpaka akastaafu, akarudi kujenga Muleba mjini. Kila mwaka alikuja Bukoba kuvua na Bashiri, hakumtaka kiongozi mwingine. Walikuwa wanalingana umri, na walipendana kwa namna ya watu wasioongea sana. Ildefons alivua kofia akafanya ishara ya msalaba, Bashiri akapiga bismillahi, boti ikaondoka.

"Mama hajambo?" Ildefons aliuliza walipofika nyuma ya Musira. Swali hilo aliliuliza kila mwaka.

"Yupo, mzee."

Jibu hilo nalo lilikuwa la kila mwaka. Ildefons alimtazama kidogo, kama anayetaka kuongeza neno, lakini hapohapo fimbo ikapinda na mshipi ukaanza kulia.

Alikuwa mkubwa. Bashiri alijua kwa jinsi alivyokwenda chini moja kwa moja, bila papara, kama mwenye nyumba anayerudi chumbani kwake. Akazima injini, akarudisha boti kwa kasia ili mshipi usikwaruze kwenye mwamba. Ildefons alivuta, akapumzika, akavuta. Jasho likamjaa. Kisha akaguna, na mkono wake wa kulia ukaanguka pembeni.

"Bega," alisema. "Bashiri, bega limekataa. Shika wewe."

"Mzee, samaki ni wako."

"Shika, waitu, ndugu yangu! Ataondoka na fimbo!"

Bashiri akashika. Alikuwa amewatazama watu wakivuta kwa miaka mingi sana, akawaelekeza wainue wapi na walegeze lini, na kumbe hakujua. Hakujua kuwa uzito wenyewe ni hai, kwamba unapanda kwenye viwiko na kuingia kifuani. Mabega yake yaliyochoka yaliungua. Alivuta huku machozi yakimtoka, akasingizia jua, ingawa hakuna aliyemuuliza. Na mwishowe sangara akaja juu ubavu, jicho lake la dhahabu likiwatazama, tumbo limevimba.

"Lahaula," Bashiri akanong'ona.

Ildefons alicheka kwa furaha, akapiga picha kwa mkono wa kushoto, akasema, "Haya, mrudishe mzee mwenzetu nyumbani."

Mkono wa Bashiri ulikwenda kwenye jiwe wenyewe, kwa mazoea. Ulilishika, ukafunga kulabu kwenye taya. Kisha ukasimama. Samaki alikuwa akipumua kwa shida kando ya boti, na kila alivyofungua mdomo Bashiri aliona sahani inarudi jikoni imejaa. Maisha yake yote ya kazi hakuwahi kumwomba mgeni kitu, hata kiberiti.

"Mzee," alisema bila kuinua uso. "Huyu naomba nimpelekee mama."

Akaeleza yote, kwa Kiswahili kwanza, na kilipomshinda akamalizia kwa Kihaya: kichwa, barafu, ukuta ambao mama yake aliugeukia. Ildefons alisikiliza huku akishika bega lake bovu. Uso wake ulibadilika, na Bashiri akajua amekosea, kazi imekwisha.

"Kila mwaka," Ildefons alisema, "kila mwaka ninakuuliza habari za mama, unaniambia yupo. Samaki wangapi tumewarudisha humu mimi na wewe? Ungesema, Bashiri. Ungesema tu!" Alikuwa amekasirika kweli. "Mama yangu alikufa mimi niko huko kwenye madaraja ya watu. Unadhani ningekunyima samaki?"

Bashiri alijisikia mjinga, na chini ya ujinga huo kulikuwa na uchovu mwingine, wa miaka yote aliyobeba kitu ambacho angeweza kukitua kwa sentensi moja.

"Meneja niachie mimi," Ildefons alisema, ametulia. "Mpandishe."

Wakampandisha wawili kwa mikono mitatu. Na hapo likaja jambo ambalo hawakulitazamia. Bashiri hakujua namna ya kumuua. Mikono yake ilijua kufungua ndoano bila kuchana taya, ilijua kumrudishia samaki pumzi. Kumtoa pumzi hiyo hakuwahi. Ndani ya boti hamkuwa hata na rungu. Aliinua jiwe lake, akalishusha tena bila kupiga. Lilikuwa jiwe la kuwarudishia nyumbani, lisingefaa kwa hilo. Basi wakakaa, mzee huku na mzee kule, samaki katikati, wakalowesha kofia ya Ildefons, wakamfunika nayo macho, wakangoja akate roho mwenyewe. Ilichukua muda.

"Nisamehe," Bashiri alimwambia samaki mwishoni, na hakuona haya.

Alasiri Shamsia alikichemsha kile kichwa na ebitoke, chumvi na nyanya, basi. Lakini kabla hakijaingia sufuriani Bashiri alikipeleka chumbani kwenye sinia. Bi Maimuna akaingiza kidole kwenye shavu, akakaa nacho humo. Akanusa. Kisha akatafuta mikono ya mwanawe, akaipapasa viganja, akafika mahali mshipi ulipokata ngozi kati ya vidole.

"Ulimvuta mwenyewe?"

"Mwenyewe, mama. Mwenye fimbo alichoka njiani, lakini mimi ndiye niliyemtoa."

"Hm," akasema Bi Maimuna. "Kipikwe."

Alikula polepole. Alianza na nyama ya shavu, akaenda kwenye jicho, akanyonya mfupa mmoja mmoja na kuipanga ukingoni mwa sahani kama mtu asiye na safari. Ebitoke nazo akazila. Bashiri alikaa chini kando ya mkeka, ameegemea ukuta uleule, akimtazama mama yake akitafuna. Alikuwa akingoja.

Yaliyofuata Bashiri alisimuliwa na Shamsia, maana mwenyewe hakuyaona. Shamsia alipoingia kuchukua sahani, ilikuwa tupu, na Bi Maimuna alikuwa akijipangusa vidole kwenye kanga. Aligeuza macho yake ya ukungu upande wa mwanawe.

"Wakola, mwana wange," akasema. "Wakola, waitu."

Bashiri hakuitikia. Kichwa kilikuwa kimeangukia kifuani, mdomo wazi, mikono imelala mapajani ingali inanuka samaki. Alikuwa amelala fofofo.

Shamsia aliruka kumwamsha. Alijua mumewe alivyolingojea neno lile. Alikwisha kumshika bega, pale pale panapomuuma, lakini mkono wa Bi Maimuna ukamzuia.

"Mwache," akasema. "Katoka kazini. Nitamwambia tena akiamka."