Hadithi Aliyoiomba Mchana

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, kuliko siku niliyoolewa na kuliko siku zote nilizojifungua. Ulikuwa mchana wa masika, hapa hapa Madimba, zamani za kabla ya kiwanda cha gesi, barabara yenyewe ikiwa bado ni jina tu. Mama yangu alikuwa amelala kwenye kitanda cha kamba, uso umemvimba, akaniomba nimsimulie hadithi. Nikamnyima. Kaa nikueleze kwa nini, maana najua na wewe unaandika andika huko chumbani, na jambo kama hili mzee akizikwa nalo halimfai mtu.

Miaka ile ya mwanzo wa sabini nilikuwa darasa la sita, mtoto mwembamba, mvivu wa jembe, mpenzi wa karatasi. Mjomba wangu Hasani, kaka yake mama, alikuwa kuli bandarini Mtwara. Kila alipokuja kututazama alileta gazeti la hadithi za picha, likiwa limekwisha kupita mikononi mwa makuli wenzake wote, limelegea na linanuka sigara. Wenzangu walikimbilia kikapu kuona kama kuna sukari. Mimi nilikimbilia gazeti.

Humo mlikuwa na dereva wa lori aitwaye Sudi Mwendapole. Alikuwa mfupi, mnene, kofia imemwangukia machoni, na hakuwahi kukimbia hata siku moja. Majambazi wakimfukuza, yeye anasimamisha lori, anateremsha birika, anachemsha chai. Wakimfikia wana kiu, anawakaribisha, na chai ile ile ndiyo inayowaponza. Nilimpenda Sudi kuliko nilivyowapenda baadhi ya ndugu zangu, na kwa umri huu sioni haya kulisema.

Mama hakujua kusoma, lakini picha alizijua. Baada ya magharibi, kabla bibi hajazima koroboi, nilimsomea yale maneno yaliyofungwa kwenye viputo juu ya vichwa vya watu, naye anafuata kwa kidole. Mara nyingi alicheka kabla sijafika kwenye kichekesho. "Huyu anawachezea," atasema. "Mtazame shavu lake." Bibi Somoe, mama yake mama, alikaa pembeni akitusonya kwamba watu wazima wanachekelea karatasi. Alisonya, lakini hakuondoka mpaka ukurasa wa mwisho.

Sasa huku kwetu, masika yakikolea, zamani tulikuwa kama watu wa kisiwani. Njia ya Dar es Salaam inakatika, meli nayo inakuja ikipenda. Mwaka ule gazeti la mwisho kufika kabla njia haijakatika lilimwacha Sudi juu ya daraja la magogo, magurudumu ya mbele yananing'inia hewani, mto umefura chini yake, majambazi wako nyuma. Pembeni pameandikwa "Itaendelea". Itaendelea lini? Mjomba alikuja mara mbili mikono mitupu. Nikaona hapana, mtu hawezi kuachwa vile. Nikaanza kuandika mwenyewe.

Nilichukua mifuko ya khaki ya dukani, nikaipasua, nikachora miraba, nikashika penseli. Kuchora sikujua, Sudi wangu alifanana na mtungi uliovishwa kofia. Maneno ndiyo niliyokuwa nayo. Sikumwandikia mwalimu wala sikuwa na fikra ya kupeleka popote. Niliandika kwa sababu nilitaka kujua atatokaje pale. Raha ile, mwanangu, sijaipata tena kwa lolote: unaandika mstari, halafu unaushangaa wewe mwenyewe kama umeletewa. Na niliandika mchana, maana mafuta ya taa yalikuwa ya kupimwa kwa kijiko.

Basi siku moja niko nyuma ya jiko, jua la utosini, najisomea kwa sauti nilichoandika na kucheka peke yangu. Bibi akatokea na jembe begani.

"Unamtambia nani ngano nchana huu?"

"Hamna mtu, bibi. Najisomea."

"Ngano ya nchana humla mama wa ntu. Hujaambiwa? Au unataka kumla mama yako?"

Mama alikuwa kinuni anatwanga. Akasema kwa kucheka, "Mama nawe. Hiyo si ngano, ni karatasi." Bibi hakucheka. Alisema karatasi yenye watu wanaosema ni ngano vilevile, akaenda zake kuweka jembe.

Ndivyo tulivyolelewa, usituone wajinga. Hadithi ilikuwa ya usiku. Mtoto akiitamba jua likiwaka, mama yake hufa, na kila mtoto wa kwetu alilijua hilo kama anavyojua kwamba moto unaunguza. Mimi nilikuwa nimelisikia tangu sijaota meno ya pili. Ila sikuwahi kufikiri kwamba na penseli imo.

Mwezi haukwisha mama akaugua. Ilianza homa, ikafuata miguu kuvimba, kisha uso. Bwana dawa wa zahanati alimpa vidonge, akasema apelekwe hospitali ya mjini. Lori halikuwa linapita. Wanaume walimbeba kwa machela, wakarudi naye jioni, wamelowa mpaka kifuani, kwa kuwa kijito kilikuwa kimekula njia. Wakasema watajaribu tena maji yakipungua. Maji hayakupungua.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi nikajua tu kwamba mkosaji ni mimi. Hakuna aliyeniambia, bibi mwenyewe hakulitaja tena neno lile. Alinitazama tu, au nilidhani ananitazama. Nikakusanya karatasi zangu zote, na magazeti ya mjomba juu yake, nikayatia jikoni chini ya chungu cha uji wa mama. Nikamwahidi Mungu kwamba sitatunga tena maisha yangu yote, mradi aniachie mama.

Ndipo ukaja mchana ule. Mvua ilikuwa imepumzika, watu wote wameshikwa na palizi huko mashambani, niko naye peke yangu nampepea. Akafumbua macho.

"Salima, yule dereva wako katoka darajani?"

"Gazeti halijaja, mama."

"Lakini wewe uliandika. Nilikusikia unacheka."

"Sikumaliza."

"Nimalizie basi. Siku ndefu hii, mama'ngu. Nimechoka kuhesabu makuti."

Karatasi zilikuwa zimeshakuwa majivu, lakini hadithi nilikuwa nayo nzima kichwani, tangu mwanzo hadi mwisho. Na mwisho wake ungemchekesha mpaka mbavu zimuume. Nikatazama mlangoni. Jua linawaka. Nilikuwa na yakini kwamba nikifungua mdomo namuua pale pale. Nikamwambia, "Usiku, mama. Nitakusimulia usiku." Akanitazama kidogo. "Haya, usiku," akasema, akageukia ukutani.

Usiku ulipoingia hakuwa anajua aliko. Homa ilimpanda kila jua lilipozama, na chumba kilijaa wanawake wanaomsomea dua. Kesho yake mchana akili ikamrudia, akaniuliza tena. Nikamjibu usiku. Akaniuliza siku nyingine, nikamjibu vilevile. Halafu akaacha kuuliza. Akawa ananiangalia tu, nami naangalia chini. Siku ya Ijumaa, watu wakitawadha kwenda msikitini, akakata roho.

Wahenga wamesema mgonjwa haulizwi uji. Mgonjwa wangu aliomba kwa ulimi wake mwenyewe, nami nilikuwa nacho alichokiomba, nikamfungia mdomo. Nilisikia la mkuu, mwanangu, na guu likavunjika vilevile.

Mjomba Hasani alifika tumekwisha kuzika. Alikuwa na magazeti mawili kwapani, aliyapata meli ilipokuja, na akasimama pale uani hajui ayapeleke wapi. Mwisho akanipa mimi. Siku chache baadaye nikayafungua. Unajua Sudi alitokaje? Aliruka. Picha moja tu: karuka, kaangukia majanini, na ukurasa wa pili yuko mji mwingine anapakia chumvi. Nililia kwa hasira kuliko nilivyolia msibani. Mwisho wangu mimi ulikuwa na birika la chai na mbuzi ndani yake, na ulikuwa bora mara kumi, na mtu pekee niliyetaka ausikie alikuwa chini ya udongo.

Baada ya arobaini bibi aliniita uani. Ilikuwa baada ya adhuhuri, wala hakungoja jua lishuke. Alikaa mkekani, akapigapiga nafasi ya pembeni yake.

"Mke mwenzangu, hebu nitambie. Yule dereva aliishia wapi? Mama yako aliniuliza mimi pia, mpaka siku ya mwisho, nami sijui."

"Mchana, bibi?"

"Nchana huu huu. Amebaki nani wa kuliwa?"

Kisha bibi akasema kwa sauti ya chini, kama anayejisemea, "Na mimi niliambiwa hivyo hivyo nilipokuwa ntoto. Nikashika. Sikutamba ngano nchana hata moja. Mama yangu akafa kabla sijavunja ungo."

"Kwa nini ukaniambia, basi?"

"Palizi," akasema. "Watoto wakianza ngano nchana, nani atapalilia? Ndivyo tulivyoambiwa, nasi tunawaambia." Halafu machozi yakamtoka, na sikuwahi kumwona bibi akilia, hata kaburini hakulia. Nilimchukia saa ile, na nilimwonea huruma saa ile ile, na mpaka leo sijaamua lipi lilikuwa kubwa.

Nilijaribu kumsimulia. Wallahi nilijaribu. Nilianza pale darajani, lori linaning'inia, majambazi wanakuja. Chai nikaikumbuka. Mbuzi nikamkumbuka. Lakini yule mbuzi alifikaje darajani, na alifanya nini, na kwa nini lilikuwa jambo la kuchekesha, havikuwepo tena. Nikarudi mwanzo, nikakwama pale pale. Bibi alinisubiri mpaka mwadhini alipoadhini alasiri, kisha akainuka kwenda kutia maji ya udhu. Hakuniuliza tena.

Tangu hapo nimeishi mengi. Tulihamishiwa kwenye vijiji vipya, nikaolewa, nikazaa, nikachuma korosho mpaka vidole vikapoteza rangi yake. Mara kwa mara nilipata karatasi na kalamu na nafasi, nikakaa. Naandika mstari wa kwanza, halafu namwona mama anageukia ukutani, na mkono unakufa. Hata katuni niliziacha. Ninyi wajukuu mnapozifungua kwenye simu mkanionyesha, nasema macho hayaoni. Macho yanaona, mwanangu.

Watu hupenda kusema kila jeraha hupona. Wengine hufa nalo, na mimi nadhani nitakuwa mmoja wao. Sikuambii ili unihurumie. Huruma ya mtoto kwa mzee haina kazi. Nakuambia kwa sababu juzi nimekukuta unachana karatasi zako, eti kaka yako kakucheka.

Mwache acheke. Wewe andika. Andika kwa ajili ya kujua ikawaje, na kama hakuna mwingine anayetaka kujua, wewe unatosha. Penda hao watu wako wa kwenye picha bila kuona haya, na anayekuambia ni upuuzi mwulize yeye usiku analala na raha gani. Wala usidhani nakuambia hadithi ni dawa. Hadithi yangu isingemponya mama. Ule uvimbe haukuwa wa kusikia maneno ya mtu. Angekufa Ijumaa ile ile. Lakini angekufa amecheka, na mimi ningekuwa mtu mwingine.

La mkuu ulisikie, ila uliulize pia limetoka wapi. Hata langu hili. Na utakapokuwa mkubwa wewe, jihadhari na unalomtishia mtoto ili akusaidie kazi, maana kazi ile itakwisha jua likizama na kitisho kitabaki naye mpaka uzeeni. Juu ya yote, mtu unayempenda akikuomba ulichonacho, mpe wakati huo huo. Ngoja ngoja huumiza matumbo, wanasema, na mimi naongeza kwamba huzika pia.

Mungu akujaalie mkono usiochoka na moyo usiotishika. Akujaalie mtu wa kukuuliza ikawaje, na akishakujaalia, akuachie naye muda. Mimi hakuniachia. Amina.